Chapati ya jana ndani ya ugali wa leo

Kama unasoma sekondari hapa Ilula, au umewahi kupita na basi la kwenda Mbeya, picha hii unaijua: matenga ya nyanya pembeni mwa barabara kuu, mafungu ya vitunguu, na kila baada ya hatua chache kuna karai la mafuta linachemka. Asubuhi humo ziliingia maandazi. Saa nne sambusa. Saa saba chipsi. Mafuta ni yale yale.

Kwa wengi wetu hakuna shida. Lakini tuseme kwenye foleni yupo kijana anayeagiza chipsi kavu tu. Andazi hataki, sambusa hataki, kwa sababu daktari amemkataza ngano. Anakula chipsi zake, anashukuru, na usiku tumbo linamkamata vile vile. Rafiki zake wanamcheka: "Si tulikuambia? Shida yako siyo ngano. Wewe umerogwa."

Hajarogwa. Amekula ngano bila kuiona. Ukurasa huu ni wa huyo kijana, na zaidi ni wako wewe unayepika naye, unayeosha naye masufuria, au unayekaa naye bweni moja.

Gluteni ni kitu gani?

Ngano, shayiri na rai zina protini inayoitwa gluteni. Ukikanda unga wa chapati ukaona unavutika kama bigijii, gluteni ndiyo inayofanya kazi hiyo. Jaribu kuvuta ugali wa mahindi uone: unakatika. Mahindi hayana hiyo gluteni. Mchele hauna. Mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi, maharage, njegere, vyote havina. Kwa hiyo mtu wa Iringa aliyekatazwa ngano hafi njaa. Amezaliwa pazuri kuliko mtoto wa Ulaya anayekula mkate asubuhi, mchana na jioni. Kweli ngano tunayo pia huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, milima ya Makete na Mbeya inailima, lakini chakula chetu cha kila siku bado ni ugali.

Kuna watu ambao kinga yao ya mwili inaiona gluteni kama adui. Kila ikiingia, kinga inaanza vita, na uwanja wa vita ni utumbo mwembamba. Unakumbuka ule mchoro wa Baiolojia wenye vijidole vingi vidogo ndani ya utumbo, vinavyofyonza chakula? Vita hivyo vinavifubaza vile vijidole mpaka vinalala kabisa. Chakula kinapita, mwili haupati kitu. Huu ndio ugonjwa wa seliaki. Hauambukizi, huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa. Hutembea katika ukoo, yaani ndugu wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao.

Dalili zake zinadanganya. Mmoja anaharisha na tumbo linajaa gesi. Mwingine haharishi kabisa, ila hakui. Wenzake wa darasa moja wamemwacha kwa kimo. Msichana anaweza kuchelewa kuvunja ungo, au akawa na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma. Wengine wana vidonda vya mdomoni vinavyorudi rudi, au uchovu tu usioeleweka.

Usiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Duniani unakadiriwa kumpata karibu mtu 1 katika kila 100, na kiwango kikubwa sana kiliandikwa Afrika hii hii. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya watoto 989 wa Kisaharawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi wanaoishi Algeria. Kati ya kila watoto 100 kulikuwa na wagonjwa 5 hadi 6. Watu hawa wanakula mkate wa ngano kila siku.

Lakini pia usikimbilie kujipa ugonjwa! Kwetu tumbo linaloharisha mara nyingi ni minyoo, amiba au maji machafu. Nenda kapimwe. Seliaki huanzia kwenye kipimo cha damu, na mara nyingi daktari hupitisha mrija wenye kamera kinywani mpaka kwenye utumbo na kuchukua kipande kidogo cha kuangalia. Vipimo vya namna hiyo hufanyika kwenye hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili, kwa hiyo anza na hospitali iliyo karibu nawe ili wakuandikie rufaa. Na jambo hili watu wengi hulikosea: usiache kula ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha, utumbo unaanza kupona, na kipimo kitasema huna kitu.

Mkate ulipokosekana

Inafaa ujue siri hii ilifichuliwaje. Zamani madaktari waliwaona watoto wa namna hiyo wakidhoofika, wengine wakifa, bila kujua chakula gani kinawaumiza. Huko Uholanzi daktari wa watoto Willem Karel Dicke alianza kuishuku ngano miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita kuu ya pili. Mkate ukapotea madukani. Watu wazima kwa watoto walikondeana, lakini wagonjwa wa Dicke hawakuzidiwa kwa kukosa mkate kama mtu angetegemea. Baada ya vita aliwapima kwa makini, akiwalisha na kuwanyima ngano kwa zamu, na mwaka 1950 akawasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Mpaka leo dawa ni ile ile: kuacha gluteni maisha yote. Kidonge cha kuitibu seliaki mtu akaendelea na maandazi yake, hakuna.

Ndiyo maana jiko ni jambo kubwa. Kwa mgonjwa wa seliaki, jiko ndilo duka lake la dawa.

Moto hauui gluteni

Kama utasahau mengine yote, hili lishike. Tangu shule ya msingi tumefundishwa: chemsha maji, ivisha nyama, pasha kiporo mpaka kichemke. Mafundisho mazuri, usiyaache. Yanafaa kwa sababu vijidudu ni viumbe hai, na kiumbe hai hufa. Gluteni haina uhai. Huwezi kuua kitu kisichoishi. Mkate hutoka kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 200 na bado unamdhuru mgonjwa. Sasa wewe unamwambia, "Kula tu, mafuta yalikuwa ya moto sana, yameua kila kitu." Yameua nini? Dawa ya kuulia vijidudu nayo haisaidii, wala kuanika vyombo juani.

Kuna njia mbili tu: kuizuia isiingie, au kuiondoa kwa kusugua, sabuni na maji ya kutosha. Mambo mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Halafu kuna suala la kiasi. Wagonjwa walipimwa nchini Italia, matokeo yakatolewa mwaka 2007: miligramu 50 za gluteni kila siku kwa muda wa miezi mitatu zilitosha kuharibu utumbo. Miligramu 50 ni kidogo kiasi gani? Karibu sehemu moja ya kumi ya unga wa ngano ni gluteni. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina unga wa gramu 2 na nusu au 3, basi piga hesabu: zaidi ya miligramu 200. Unga unaoushika kwa ncha za vidole vitatu, ule wa kunyunyizia kibao chapati isigande, unaweza kuikaribia hiyo 50. Shirika la kimataifa linaloweka viwango vya vyakula limeamua kwamba chakula kisichozidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo ndicho kinachoweza kuitwa hakina gluteni. Ishike hiyo namba 20, tutairudia.

Karai la mafuta

Turudi barabarani. Kila andazi linaacha chembe zake kwenye mafuta. Sambusa ndiyo kabisa, manda inapasuka na vipande vinabaki chini vikiungua. Chipsi zinaoga humo humo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ulifanyika hivi: walinunua sahani 20 za chipsi kwenye migahawa 10 inayokaanga chipsi na vitu vya ngano kwa mafuta ya pamoja. Sahani 9 zilikutwa na gluteni, na 5 kati ya hizo zilifika au kuvuka ile 20. Ina maana gani? Ina maana kuwa ni bahati nasibu. Leo utapona, kesho utaumwa, ndipo watu waseme umerogwa, kwa kuwa jana ulikula pale pale na hukuumwa.

Kuchuja mafuta hakutoshi, chembe ndogo zinapita. Kwa hiyo usibembeleze: uliza. "Kaka, mafuta haya umekaangia nini leo?" Akisema maandazi, mshukuru, nunua ndizi mbivu au mahindi ya kuchoma, uende zako. Kuna wauza chipsi ambao karai lao ni la viazi na mihogo tu. Ukimpata mmoja, mfanye rafiki. Angalia pia vitu vinavyojificha. Kachori ni kiazi, lakini kimevishwa rojo la ngano mara nyingi. Kababu hutiwa mkate. Bagia za dengu au kunde, wengine huongeza ngano zishikane. Samaki wa kukaanga hupakwa unga na baadhi ya wapishi. Vitumbua ni mchele, ila uliza kama mama hakuchanganya ngano kidogo.

Mashine ya kusaga

Hapa ndipo wengi hawaangalii, na mimi naona ni hatari kuliko karai. Karai unaweza kulikwepa, ugali wa nyumbani utaukwepaje?

Mahindi ni safi kabisa yakiwa kwenye gunia. Unayapeleka mashineni. Kabla yako kuna mama amesaga unga wa lishe wa mtoto: mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano vyote pamoja. Anazima, anakung'uta mfuko, anaondoka. Unga uliobaki kwenye chekeche ya mashine, kwenye kona za chuma na kwenye ule mfuko wa kitambaa, unatoka na debe lako.

Tufanye hesabu, maana wewe ni mwanafunzi. Debe la mahindi tuseme ni kilo 18. Tuseme zimebaki gramu 90 tu za unga wa ngano, kama konzi moja nzuri. Gluteni yake ni gramu 9, yaani miligramu 9,000. Gawanya kwa 18. Unapata miligramu 500 kwa kila kilo ya unga wako. Kiwango kilikuwa 20! Mgonjwa akila ugali wa gramu 300 za unga kwa siku, ameshakula miligramu 150, mara tatu ya kile kiasi kilichoharibu matumbo kule Italia. Na hakugusa chapati hata siku moja. Ukitaka debe lote libaki chini ya 20, ngano iliyobaki mashineni isizidi gramu 3 na nusu hivi, kijiko kimoja cha chai na ziada kidogo. Nani atakuhakikishia hilo?

Habari njema ni kwamba mashine nyingi mitaani hazisagi ngano mara kwa mara, kwani unga wa ngano watu hununua dukani. Tatizo ni lishe zaidi. Muulize anayesaga: "Mzee, shikamoo. Hapa mnasaga ngano au lishe ya ngano?" Kama ipo mashine ya mahindi tu, hata ikiwa mbali, baiskeli itafika. Kama mashine ni moja, usikubali kumfuata mtu wa lishe. Ngoja wapite watu kadhaa wa mahindi, na debe lako la kwanza wapewe wengine nyumbani, la mgonjwa litoke la mwisho. Hiyo inapunguza, haimalizi. Bora zaidi ni wazazi kukubaliana na mwenye mashine: ngano na lishe zisagwe siku moja ya wiki, jioni, kisha mashine ifunguliwe na kusafishwa. Wenye mashine ni wafanyabiashara, wateja kumi wakiomba jambo watasikiliza.

Kinu je? Kinafaa, kama ni cha nyumbani na hakijatwangiwa ngano. Lakini nani atatwanga debe zima kila wiki na shule inamsubiri? Kawaida anaangukiwa binti. Tusimalize tatizo la mmoja kwa kumbebesha mwingine. Vijana wa kiume, mchi haumchagui mtu.

Jikoni shuleni na geto

Tuseme mmepanga chumba wanne karibu na shule, jiko la mkaa moja, masufuria mawili, mwiko mmoja. Mmoja wenu ana seliaki. Mnaweza kuishi vizuri kabisa, ila mpangilio ubadilike.

Chakula chake kitangulie. Asubuhi jiko likiwaka, chake kiingie kwanza, kipakuliwe, kifunikwe, kiwekwe pembeni. Ndipo mwanze kukanda. Mkikanda unga wa chapati chumba kidogo, vumbi lake linaelea na kutua kwenye kila kilicho wazi. Jiko lenyewe halina tatizo, moto ni moto, mafiga hayaambukizi kitu.

Sufuria la aluminiamu lisilo na mikwaruzo mingi linaoshwa likatumika: loweka, sugua, sabuni, suuza kwa maji safi mpaka kona za ukingoni. Jivu linasugua vizuri pia, mradi likasuuzwe. Chuma cha chapati ni kesi nyingine. Kile kigaga cheusi kilichojijenga tangu kinunuliwe ni ngano iliyoungua, na hakitoki. Asikitumie, hata kwa kukaanga yai. Mwiko wa mbao una nyufa, kibao cha kusukumia chapati vile vile. Chekeche ndiyo mbaya kuliko vyote: ile wavu inashika unga kwenye kila tundu, hata uoshe vipi. Basi yeye awe na mwiko wake, chekeche yake na dodoki lake la kuoshea. Afunge uzi mwekundu kwenye mpini ili mtu asichukue kwa kusahau. Vitu vyenyewe siyo vya bei kubwa, mnaweza hata kuchanga.

Halafu kuna mwiko unaoruka. Unakoroga tambi, unageuka na mwiko ule ule unaonja maharage yake. Tayari! Maji ya tambi nayo yasichemshie viazi vyake. Watafiti wa hospitali ya watoto mjini Washington walijaribu jambo hili, wakachapisha mwaka 2020: tambi zisizo na ngano zilipochemshwa kwenye maji yaliyopikiwa tambi za kawaida, zilivuka kiwango. Walipozisuuza kwa maji yanayotiririka, gluteni ilishuka. Nao pia walipima mashine ya kuchomea slesi za mkate iliyotumiwa na wote, wakakuta gluteni iko chini ya kiwango. Nakuambia hili makusudi. Siyo kila kitu kinatisha sawasawa, na mgonjwa anayeogopa hata kivuli cha mkate ataishia kutokula. Nguvu ziweke kwenye mafuta, mashine, chekeche, mwiko na maji ya kupikia. Sahani na vikombe vilivyooshwa vizuri, tulia.

Mikono. Beseni moja la kunawa wote, mkichovya mmoja baada ya mwingine, huku aliyetangulia ametoka kukanda, ni kumnawisha mwenzako unga. Mmiminieni kwa jagi, na sabuni iwepo. Watafiti wa hospitali hiyo ya Washington walipima pia mikono ya watoto waliochezea vitu vya ngano darasani, na sabuni na maji vilishinda vitambaa vya kufutia. Kwenye sinia la pamoja, mpakulie upande wake kwenye sahani kabla mkono wenye kipande cha chapati haujaingia. Kopo la siagi au la karanga, kisu kikishagusa mkate kisirudi ndani.

Shule ya bweni ina ugumu wake. Huwezi kuingia jikoni ukaanza kuamrisha watu wazima. Mwone matroni au mwalimu wa afya kwanza, ukiwa na cheti cha daktari, halafu mpishi. Ongea kwa heshima na kwa ufupi. Kwa mfano: "Shikamoo mama. Mimi nina ugonjwa wa tumbo, hata chembe ya ngano inaniumiza, na kuchemsha hakusaidii. Naomba siku za maandazi na chapati unipakulie ugali na maharage kabla hamjaanza unga wa ngano. Sahani na mwiko wangu ninavyo hapa." Mpishi anayehudumia watu mia tatu hawezi kukumbuka hotuba ndefu, ila sentensi tatu na mwiko wenye uzi mwekundu atakumbuka. Muulize na uji wa asubuhi: unga wake ni mahindi matupu au ni lishe?

Eti anaringa

Sasa nasema na wewe ambaye huna ugonjwa. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumdharau, na chapati ni chakula cha sherehe. Mwenzako akisema "sili" siku ya mahafali, watu wananong'ona kuwa anaringa, anafunga diet ya mjini, ana mimba, ana virusi. Baadhi wamewahi kufikiri wamtegee wamwone: wamtilie unga kidogo kwenye mboga, halafu wasubiri kama kweli ataumwa. Usithubutu. Huenda usione kitu usiku huo, asiharishe wala asitapike, na ukajisifu kuwa umemfichua. Utumbo wake unaumizwa kimya kimya bila kukuaga.

Na wewe mgonjwa, usijifiche. Anayejificha anakula andazi mbele za watu ili asichekwe, kisha anakosa kipindi cha kwanza kesho yake. Chagua rafiki mmoja au wawili, waeleze vizuri, wao watakusemea pale ambapo wewe utaona haya. Kanisani pia zungumza na mchungaji au padri mapema, kwa kuwa mkate wa meza ya Bwana ni ngano. Wakatoliki, kwa mfano, wanaruhusu mgonjwa apokee divai peke yake, na kikombe chake kiwe cha pembeni ambacho hakikutiwa kipande cha hostia.

Swali la togwa huulizwa sana. Togwa ya mahindi na kimea cha ulezi haina ngano, kunywa, ila ujue kimea kimesagwa wapi. Ulanzi nao ni utomvu wa mianzi, hauna ngano. Hiyo haimaanishi nimekuruhusu ukanywe, wewe bado ni mwanafunzi.

Ukikosea siku moja

Itatokea. Utakula kwa shangazi, hukuuliza, usiku tumbo linageuka. Hakuna dawa ya kuitoa gluteni iliyokwisha kumezwa, na usijitapishe. Kunywa maji mengi, ukiharisha sana tumia maji ya chumvichumvi yanayouzwa kwa paketi kwenye maduka ya dawa, pumzika. Jiulize imepitia wapi, ili kesho umwulize shangazi kuhusu chekeche yake. Kisha endelea na mlo wako kama kawaida. Midomo ikivimba au pumzi ikibana muda mfupi baada ya kula ngano, hiyo siyo seliaki, ni mzio, na hapo mtu akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Na kuharisha kukizidi siku mbili, au ukiona damu au una homa, nenda kituo cha afya usisubiri, maana huenda safari hii siyo ngano, ni amiba au homa ya matumbo kama inavyompata mtu mwingine yeyote.